Mcheza Kwao Hutunzwa, Hata Akicheza Vibaya?

Jioni ya tarehe 25 Mei 2025 uwanja wa Amaan ulifurika. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa ikirudiana na Berkane ya Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na kwa kuwa uwanja wa Benjamin Mkapa haukuruhusiwa kutumika, bahati iliwaangukia watu wa Unguja: fainali ya Afrika ikachezwa mlangoni mwao. Simba, iliyokwisha kufungwa mabao 2 kule Berkane, ilitoka sare ya bao 1 kwa 1, na kombe likapanda ndege kwenda Morocco. Watu walitoka uwanjani wameinamisha vichwa, lakini hawakutoka na njaa. Walikuwa wameuona mpira.

Haukupita muda, na barazani, penye kahawa na kashata, yakafufuka yale maneno ambayo kisiwani hayajapata kuzimika. Kwamba Simba na Yanga ni wakubwa kwa sababu wamejigawia nchi. Kwamba ligi ya bara ina wenyewe wawili na waliobaki ni wasindikizaji. Na kwamba ligi ya Zanzibar, pamoja na umaskini wake, ndiyo ligi ya kweli, kwani msimu ukianza hakuna ajuaye nani atakayeumaliza akiwa juu. Ushindani! Neno hilo hutamkwa kwa fahari, kama kwamba likishatamkwa hakuna tena la kuulizwa.

Hoja hiyo ni tamu kwa sababu nusu yake ni kweli. Tangu 2001 hadi 2025, ubingwa wa bara uliponyoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, pale Azam ilipoutwaa msimu wa 2013/14 bila ya kufungwa mchezo hata mmoja. Upande wa visiwani, kuanzia 2010 hadi 2020, kombe lilizunguka kwa Zanzibar Ocean View, Mafunzo, Super Falcon, KMKM, Zimamoto, JKU na Mlandege: timu 7 katika misimu 11. Mwenye kupenda hesabu hawezi kuomba ushahidi zaidi ya huo. Na akitaka mashahidi wa ng'ambo watapatikana pia, maana Scotland haijaona bingwa asiyekuwa Celtic au Rangers tangu Aberdeen ya 1985 hadi ligi ya 2025, na Ujerumani ilimtazama Bayern akibeba ubingwa mara 11 mfululizo, kutoka 2013 hadi 2023, mpaka Leverkusen ilipokuja kuukata mnyororo huo 2024.

Nusu ya pili ndiyo yenye ila. Msimamo wa ligi hupima tofauti baina ya timu na timu. Haupimi kimo chao. Maji yanapotoka pwani, jahazi, ngalawa na mtumbwi hulala sawa juu ya mchanga, na mtoto mdogo anaweza kuvishika vyote kwa mkono wake. Usawa huo ni kweli kabisa. Lakini hakuna chombo kinachokwenda popote.

Apite mtu uwanja wa Mao siku ya kazi, saa kumi za jioni, timu ya tatu ikicheza na timu ya sita. Majukwaa yana nafasi za kutosha. Kipa anaupiga mpira mrefu kuliko upepo, mabeki wawili wanaruka pamoja, mpira unamwangukia asiyeutarajia, naye anaurudisha juu ulikotoka. Kiungo, ambaye pengine ana macho ya kuona pasi mbele ya wenzake, anautazama mpira ukipita juu ya kichwa chake kama mtu anayehesabu kunguru. Bao likipatikana, na mara nyingi hupatikana kwa kona au kwa kosa, waliolifunga hurudi nyuma wote kumi, na kipa wao huanza kuugua magoti. Kila upande unaogopa kupoteza kuliko unavyotamani kushinda. Matokeo yake ni mchuano mkali usio na mchezo ndani yake. Na anayetoka hapo akasema ameona ushindani, amesema kweli, ila asiseme ameona kandanda.

Wasomaji wa kurasa hizi wanakijua kipimo kilicho bora kuliko msimamo wa ligi, kwani wanatokana na watu waliolelewa na malumbano. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuwa bingwa wa mtaa wake kwa kuwa jirani zake walikuwa nusura wamfikie. Katika zama za vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, tungo zilivuka bahari baina ya Mombasa na Lamu, na kila utungo uliofika ulikuja na deni lake. Mwenye kujibu alilazimika kuufuata utungo uliomjia, aufungue uliofungwa, kisha afunge chake kigumu zaidi. Baadhi ya majibizano hayo Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya kitabuni 1995, na anayeyasoma huona jinsi mmoja anavyomwinua mwenziwe kwa nguvu, hata pale anapotaka kumzamisha. Sasa wachukuliwe washairi wawili wasioijua mizani, kila mmoja akivunja vina sawasawa na mwenziwe, wawekwe ukumbini walumbane. Hakuna atakayejua nani atashinda. Ushindani utakuwa wa kutisha. Na watu watarudi makwao mapema.

Wala malumbano hayakuwaacha walumbanaji wote wakiwa sawa. Muyaka alibaki Muyaka. Uzuri ulikuja kwa kuwa aliyekuwa chini alijibiwa na aliyekuwa juu, akajua kwa uchungu ni wapi utungo wake ulipopwaya.

Ndiyo maana historia ya soka ya visiwani inapasa kusomwa na kila anayejisifu kwa usawa. Palikuwa na wakati klabu za Unguja na Pemba zilikutana na za bara katika Ligi ya Muungano, na hazikuwa wasindikizaji. KMKM ilibeba ubingwa huo 1984. Malindi iliubeba 1989, ikaurudia 1992. Hao waliokuwa wakizikabili si wanyonge: ilikuwa Simba ambayo 1974 ilikwisha kufika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika na ambayo 1993 ingecheza fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, na ilikuwa Yanga ya miaka ile, na Coastal ya Tanga, na Pamba ya Mwanza. Mchezaji wa Malindi alijua kwamba baada ya wiki chache atamkuta winga ambaye kosa moja halisamehe. Alijifunza kuupokea mpira akiwa ameshatazama nyuma yake. Na wazee wa Malindi na wa Miembeni wanaoisimulia enzi hiyo hawazungumzii pengo la pointi. Wanataja mtu na chenga yake, na upande wa uwanja alikoipigia.

Ligi hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, klabu za Zanzibar zilipopata njia yao wenyewe ya kwenda mashindano ya Afrika. Njia ilifunguliwa, na hilo lilikuwa jambo la haki. Je, wapitaji wamefika wapi? Hadi mwisho wa 2025 hakuna klabu ya Zanzibar iliyowahi kucheza hatua ya makundi ya Afrika. Agosti 2024 JKU, bingwa wa visiwani, iliondolewa na Pyramids ya Misri, na katika hilo hapana aibu, kwa kuwa Pyramids hao hao walikuja kuwa mabingwa wa Afrika 2025. Aibu, ikiwa neno hilo halikuzidi, ni ya Oktoba 2025, KMKM ilipokutana na Azam, timu ambayo ubingwa wa bara haikuwa imeuona tena tangu 2014, ikatolewa kwa jumla ya mabao 9 kwa 0. Mabao 9 katika michezo 2, na baina yao ni bahari ya kuvukwa kwa boti asubuhi na kurudi jioni.

Hapa ndipo watetezi wa usawa hukimbilia fedha, na ni kweli fedha ipo. Mwaka 2021 haki za kuonesha ligi ya bara kwa televisheni ziliuzwa kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6, visiwani hakuna wa kutaja mfano wa hizo. Lakini fedha haielezi kila kitu, na ushahidi wake unavaa jezi. Feisal Salum alitoka JKU akaenda Yanga 2018, kisha Azam 2023. Ibrahim Hamad, huyo wanayemwita Bacca, alitoka KMKM akaingia Yanga mwanzoni mwa 2022, na mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walioipeleka timu hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho, ambako Yanga ilifungwa nyumbani mabao 2 kwa 1, ikaenda Algiers ikashinda bao 1 kwa 0 dhidi ya USM, na ikaukosa ubingwa kwa kanuni ya bao la ugenini. Miguu ya vijana hao haikubadilishwa kwenye boti. Walichokikuta upande wa pili ni mazoezi ya kila siku na watu wanaowazidi, na Jumamosi ambayo haisamehe. Kisiwa kilikuwa kimezaa mlinzi wa fainali ya Afrika, na ligi yake haikuwa na swali la kumuuliza.

Tena yatazamwe majina yenyewe ya timu zinazogawana kombe. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi. KVZ ni Kikosi cha Valantia. Zimamoto na Mafunzo hayahitaji kufafanuliwa. Hayo ni majina ya idara, na idara huwa na bajeti, sare na malipo ya uzeeni. Kijana akichukuliwa na kikosi kwa sababu anajua mpira, hupata kazi ya maisha, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu kwa kuchagua mkate wa watoto wake. Lawama ni kwa ligi iliyojengwa juu ya mpango huo. Timu ambayo mshahara wake hufika iwe imeshinda au imefungwa, jukwaa liwe limejaa au lina watu arubaini, inakosa ule msukumo unaomfanya kocha asilale. Bara nako ziko timu za majeshi, ila huko zimezungukwa na nyingine zinazokula kwa mashabiki. Visiwani zimekuwa ndiyo nguzo, na klabu za mitaa, Malindi, Mlandege, Miembeni, Kikwajuni, ambazo zamani mtu alizaliwa nazo kama anavyozaliwa na ukoo, zinahangaika kutafuta nauli. Basi ule usawa unaosifiwa kwa sehemu ni usawa wa ruzuku. Umepangwa ofisini, haukupatikana uwanjani.

Isidhaniwe kwamba kwa kusema haya wakubwa wawili wa Kariakoo wanapewa hati ya usafi. Kuna kambi nyingine, yenye kelele zaidi, inayosema ushindani haufai kitu maadamu bingwa anacheza vizuri, na kambi hiyo nayo imepotoka. Mchezo ambao timu ya kumi na nne inaingia uwanjani ikiomba isifungwe zaidi ya mabao 3 si mchezo wa kiwango. Ni mazoezi yenye tiketi. Simba na Yanga hawakunolewa na michezo hiyo. Walinolewa na wao kwa wao, kwani mmoja alizaliwa 1935 na mwingine 1936 na hawajapata siku ya kupumzishana. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wamekaa takribani miaka 90, na kila mmoja ana pembe kwa sababu ya mwenziwe. Simba ilifunga 6 kwa 0 mwaka 1977 na 5 kwa 0 mwaka 2012. Yanga ilijibu 5 kwa 1 mwezi wa Novemba 2023. Na hakuna mkutano wao hata mmoja ambao haukusababisha kocha, kipa au kiongozi wa upande ulioshindwa kuulizwa maswali asiyotaka kuyajibu. Kisha wakanolewa na Al Ahly, na Mamelodi, na wengineo wa Afrika. Ligi ya nyumbani iliwapa pointi tu.

Na pale ilipowapa zaidi ya pointi, watu wanakumbuka. Yanga ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila ya kufungwa ilipokwenda Mbarali, Novemba 2022, ikafungwa 2 kwa 1 na Ihefu, timu ambayo wengi walikuwa hawajui hata mji wake uko wapi. Siku hiyo moja ilikuwa na ushindani kuliko misimu mitatu ya sare za bila kufungana, kwa sababu mdogo hakumsubiri mkubwa ashuke. Alipanda yeye. Ukitaka kujua thamani ya ligi usimtazame bingwa wake wala usihesabu mabingwa wake. Mtazame wa kumi, siku ya mvua, akicheza na aliyemzidi, uone kama anajaribu kupiga pasi. Kwa kipimo hicho ligi ya bara ina safari ndefu, ingawa dalili zipo: msimu wa 2025/26 klabu 4, Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars, ziliingia zote hatua ya makundi ya Afrika. Mbili za mwisho hazikufika huko kwa kuwa Simba na Yanga wameteremka. Zimefika kwa kuwakimbiza.

Linalobaki ndilo zito, na wengi hulizunguka. Njia ya wazi ya kuinua kiwango cha visiwani ni kuzirudisha klabu zake mbele ya walio bora, kila wiki, kwa pointi zinazouma. Kombe la Muungano lilifufuliwa 2024, na ni jambo la kheri, lakini ni la siku chache. Ni karamu, na mtu hawi mzima kwa kula karamu mara moja kwa mwaka. Kinachohitajika ni ligi. Ukilitaja hilo barazani, kahawa hupoa. Watu huona bendera ikishushwa. Wanakumbuka Machi 2017, Zanzibar ilipokubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, na Julai mwaka huo huo ilipotolewa; wanakumbuka Desemba iliyofuata, timu yao ilipofika fainali ya CECAFA kule Kenya ikashindwa kwa penalti tu; na wanauliza, kwa haki, kwa nini watoe kwa hiari nafasi mbili za Afrika walizonazo ili wakagombee moja pamoja na miamba ya Dar es Salaam.

Hofu hii si ya kudharauliwa, na anayeikejeli hajui kisiwa. Lakini jeraha la heshima lisigeuzwe kuwa pazia la kufunikia pasi mbovu. Nafasi ya Afrika inayoishia raundi ya kwanza au ya pili mwaka baada ya mwaka ni tiketi ya ndege na picha ya pamoja. Kama bendera ni lazima ibaki mahali pake, na ibaki, basi wakubwa wa soka wa pande mbili wakae watafute namna: ligi ya kwao iendelee, na juu yake pawe na ligi fupi ya marudiano baina ya timu nne za visiwani na nne za bara, kila mwaka, yenye uzito wa kweli na fedha ya kweli. Patakuwa na msimu wa kwanza wa mabao 9. Pengine na wa pili. Malindi ya 1989 haikuanza 1989.

Asiyeamini kwamba vipaji vipo aukumbuke usiku wa tarehe 13 Januari 2024, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Amaan hapo hapo, uwanja ukiwa bado unanukia rangi mpya. Mlandege, timu ya mtaa, isiyo na kikosi nyuma yake wala kampuni mbele yake, ilikutana na Simba. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeifunga Singida katika fainali hiyo hiyo, na wengi wakasema ni bahati. Safari hii ilishinda bao 1 kwa 0, na walioutazama mchezo ule waliona jambo ambalo Mao ni nadra kulionesha: vijana wa Mlandege wakiutuliza mpira chini, wakitazama, wakipasiana, kwa kuwa mbele yao palikuwa na watu ambao mpira mrefu usingewasumbua. Kombe likabaki Mlandege. Kisha vijana wale wakarudi kwenye ligi yao, ambako hakuna ajuaye nani atakuwa bingwa.